Kahawa Niliyoitafuna Muleba Nikiwa na Vidude Masikioni

Nyinyi vijana mnaoshinda na vitu masikioni, njooni hapa mnisikilize. Leo nimeaibika mbele ya ukoo mzima, huko Muleba, na aibu yenyewe nilikuwa nimeivaa kwa mikono yangu mwenyewe.

Sitazunguka. Mimi ni Ma Paskazia wa Nshambya, hapa Bukoba. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mkikuta herufi imekaa vibaya, ipiteni mwende mbele. Sikio langu la kushoto lilikufa zamani. La kulia linafuata. Nyumbani kwangu jambo hilo wanalijua nusu. Nje ya nyumba halijui mtu. Nilikuwa na njia zangu. Mtu akisema nami, namtazama mdomo. Akicheka, nacheka. Akinyamaza na kunitazama, naitikia kwa kichwa. (Padri ameniambia mambo mengi ambayo mpaka leo siyajui. Yote nimeyakubali.)

Mjukuu wangu Alinda, ninayeishi naye, anauza katika duka la simu pale Bukoba mjini. Ndiye aliyeleta habari.

"Bibi, kuna hedifoni ndogo zisizo na waya. Zile za gharama. Si za muziki tu, zinakuvutia na sauti za watu mpaka unazisikia karibu."

Nikamuuliza bei. Akaitaja huku anaangalia sakafu. Vijana! Bei ya ndama! Ndama mzima, mwenye miguu yote na mkia! Nikamwambia mimi sinunui ndama wa kuweka sikioni.

Lakini leo palikuwa na kikao cha ukoo, na hapo ndipo shida ilipoanzia.

Kaka yangu Felisiani alifariki, akaacha mjane, Ma Eriza, na akaacha kibanja, shamba la baba yetu huko Muleba. Marehemu ana mtoto wa kiume, Deus, wa mke wa kwanza, anayekaa Mwanza. Deus amepata mtu wa kununua upande wa chini wa kibanja, unaogusa barabara. Sasa sikilizeni vizuri. Upande huo wa chini ndio wenye migomba na maharage. Upande wa juu ni mawe na makaburi yetu. Ukiuzwa wa chini, Ma Eriza anabaki na nyumba na njaa. Na baba yetu kabla hajafa alisema mbele ya watu: kibanja hiki hakikatwi mpaka binti yangu mkubwa akubali. Binti mwenyewe ndiye mimi, na magoti yangu haya.

Ma Eriza alinipigia simu. Alinda akasikiliza kwa niaba yangu, akanirudishia maneno: "Wifi yangu, usipokuja ukasema hapana, mimi nimekwisha."

Basi nilikuwa naenda Muleba kusema neno moja tu. Hapana. Lakini hata mwenye neno moja anatakiwa asikie wakati anapoulizwa. Ndiyo maana asubuhi nimepita dukani kwa Alinda kabla ya kwenda stendi.

Mwenye duka ni mzee wa familia za Kihindi, wale wachache waliobaki mjini. Baba yake ndiye aliyeniuzia kitambaa cha harusi. Nikamwonyesha vile vya bei ndogo vilivyoning'inizwa ukutani kama vitumbua.

"Nipe hivi."

"Mama Paskazia, hivyo nitakuuzia leo, kesho utarudi kunitukana."

"Na hivyo vya bei ya ndama?"

"Hivyo utanitukana leo, kesho utanishukuru." Akacheka. Mimi sikucheka. Akaona. "Basi chukua uende navyo kwenye kikao chako. Jioni ukirudi, useme vinafaa au havifai. Vikifaa, lipa. Visipofaa, virudishe. Ila virudi kama vilivyotoka."

Alinda akanivisha. Vyeupe, vidogo, kama punje kubwa za mahindi zenye kikonyo. Akanieleza: ukibana kikonyo na kushikilia kidogo, kinalia, kinabadilika. Kikiwa upande mmoja unasikia watu. Ukibana tena kinakwenda upande wa pili, kinazima kelele zote.

"Kinazima kelele?"

"Ndiyo, Bibi. Hiyo ndiyo watu wanayoilipia hasa."

"Watu wanalipia kutosikia? Mimi mbona sisikii bure!"

Duka zima likacheka. Na mimi, vijana, nikawasikia. Nilimsikia kila mmoja. Nikasikia feni. Nikasikia mwenye duka akipumua puani. Nikatoka nje, kitenge changu kikawa kinasugua miguuni, nikakisikia! Miaka mingi sijasikia nguo yangu mwenyewe. Nikasimama pale barabarani kama mjinga, nikatembea hatua chache, nikarudi, nikatembea tena. Bodaboda akanipigia honi. Honi nayo nikaisikia, nikamtukana, na tusi langu pia nikalisikia.

Nikafunga kilemba vizuri kikafunika masikio. Sikutaka watu wa ukoo wavione. Shangazi kiziwi haulizwi kitu. Anapewa chai, anakalishwa na watoto.

Ndani ya basi nilisikia wanawake wa kiti cha nyuma wakisema mwili wangu umekaa vibaya kwa kilemba kile. Nikageuka, nikawaambia, "Na nyinyi yenu imekaa vizuri wapi?" Mpaka Muleba hawakusema tena. Nikasema moyoni, Paskazia, ndama huyu unamnunua.

Nikafika. Watu wamekwisha kukaa chini ya turubai, mbele ya nyumba ya marehemu. Ma Eriza akanipokea kwa magoti, akanishika mikono yote miwili. Amekonda.

"Waitu, wifi yangu, umefika."

"Nimefika. Inuka, usichafue nguo."

"Watakuuliza mwishoni."

"Waache waulize. Nimekuja na jibu."

Pale mbele alikaa Ta Leopoldi, mzee wetu wa ukoo, ndiye anayeongoza vikao. Karibu naye mdogo wangu Pelagia wa Maruku, aliyevaa kama anakwenda harusini. Kando kidogo, Deus na mnunuzi wake, mtu mnene wa viatu vya kung'aa, ameviweka juu ya jani la mgomba visiguse udongo. (Ananunua udongo asioutaka kuukanyaga!)

Tukapewa kahawa ya kutafuna, kama ilivyo kwetu kwa kila mgeni. Nikatafuna. Na hapo Deus akainama kwa mnunuzi, akanong'ona. Vijana, alinong'ona! Nami nikalipata neno lote: "Usiwe na wasiwasi. Shangazi mwenyewe hasikii vizuri, tutamaliza mapema."

Kumbe alijua. Sijui aliambiwa na nani. Nikajiona nimemshika mwizi mkono ukiwa ndani ya mfuko. Nikajinyoosha. Nikarekebisha kilemba, nikakibana sawasawa juu ya masikio, nikakishikilia, nikakivuta kikaze.

Kitu kikalia, ting! Nikadhani ni ujumbe kwenye simu.

Halafu pakatulia.

Lo, pakatulia vizuri! Kuku kimya, watoto kimya, turubai lililokuwa linapiga kwa upepo, kimya. Nikasema, ukoo huu leo una adabu. Wamenyamaza kwa heshima ya marehemu. Nilikaa katika utulivu ule nikafurahi nao. Nikawa napanga namna ya kusema hapana yangu. Niiseme nimekaa au nimesimama? Nikaamua nisimame.

Nikaona Ta Leopoldi anatikisa midomo. Nikadhani anasali.

Nikaona Deus naye anatikisa midomo na kunyoosha mkono kuelekea barabarani. Nikasema, sala gani hii ya kuonyesha barabara? Hapo akili ikaanza kunigusa kidogo. Lakini vijana, mtu mwenye masikio kama yangu ana ugonjwa mwingine zaidi ya ukiziwi. Hawezi kusema, "Rudia." Rudia moja tu, na watu wote watajua. Nikasema nitasubiri, sauti itarudi.

Ghafla wote wakageuka kunitazama. Ukoo mzima. Ta Leopoldi akanitazama, midomo ikacheza, ikasimama. Akangoja.

Kichwa changu kikaitikia chenyewe. Sikukituma. Kimezoea.

Kikapu cha kahawa kikaletwa. Nikadhani ni duru ya pili ya ukarimu. Nikachukua, nikatia mdomoni, nikatafuna. Ndani ya kichwa nikasikia kitu kimoja tu duniani, meno yangu: krach, krach, krach. Kama ng'ombe kwenye mabua.

Nyinyi mliokulia mjini hamjui, nawaambia. Katika ukoo wetu kahawa ya kwanza ni ya mgeni. Ile inayokuja baada ya swali ni jibu. Ukiirudisha kikapuni, umekataa. Ukiitafuna, umekubali na jambo limefungwa. Mimi najua hayo tangu nikiwa mtoto! Nimewafundisha wengine! Na nimeketi pale nikatafuna mpaka punje ya mwisho, nikajipangusa mdomo.

Deus akaja akapiga magoti mbele yangu. Machozi yanamtoka. Nikaelewa mara moja (mimi ni mwepesi kuelewa!). Ameshindwa. Anaomba msamaha kwa ule mnong'ono wake. Nikamwonea huruma. Nikamwekea mkono kichwani, nikambariki. Ndiyo, nilimbariki.

Kisha nikamwona Ma Eriza amefunika uso kwa kitenge, mabega yanatetemeka. Nikasema, maskini, furaha imemzidi. Nikainuka, nikamwendea, nikamkumbatia, nikamnong'oneza sikioni.

Nilidhani nanong'ona. Baadaye wameniambia hata waliokuwa kisimani walisikia.

"USILIE WIFI! TUMEMWEZA DEUS! HAPATI HATA MGOMBA MMOJA! NA HUYO MNUNUZI WAKE MWENYE KICHWA KAMA KABICHI ARUDI ALIKOTOKA NA VIATU VYAKE!"

Ma Eriza akanisukuma. Hakunipiga, alinisukuma tu, kama mtu anayeondoa kitu kinachomchoma. Kilemba kikaanguka. Kidude cha kulia kikachomoka, kikaruka, kikatua kwenye majani.

Kuku akakidaka.

Msicheke, bado. Kuku akaona punje nono, nyeupe, akaibeba mdomoni na kukimbia, na mimi nyuma yake, kichwa wazi, nywele zangu hizi chache zikiwa nje, napiga kelele, "Ndama wangu! Ndama wangu!" Watu wakadhani nimepatwa na wazimu. Vijana wa ukoo wakaingia kumkimbiza kuku bila kujua wanatafuta nini. Wakazunguka nyumba, wakapita makaburini, mmoja akaanguka kwenye shimo la mbolea. Kuku alipobanwa jikoni ndipo akakitema. Pelagia akakiokota, akakiinua juu kwa vidole viwili.

"Dada, hiki ni nini?"

Sikio lile la kulia sasa lilikuwa wazi, na ile pumzi iliyobaki ndani yake ilinitosha, maana watu wote walikuwa wakipaza sauti. Nikasikia wanawake wakisema, "Kumbe! Kumbe hasikii!" Nikasikia na vicheko.

Ta Leopoldi akanyoosha fimbo, watu wakatulia. Akanijia mpaka karibu.

"Paskazia. Nilikuuliza kama umekubali upande wa chini uuzwe. Ulinisikia?"

Hapo, vijana, ndipo penyewe. Ningesema nilisikia, ningebaki shangazi mwenye masikio yake, na Ma Eriza angekosa chakula. Ningesema sikusikia, ningekuwa kile nilichokificha miaka yote, mbele ya kila mtu ninayemfahamu na mbele ya mwenye kichwa cha kabichi.

Nikamwangalia Ma Eriza. Hakuwa ananitazama.

"Sikusikia."

"Sasa mbona uliitikia?"

"Niliona mnanitazama."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Deus akasimama. "Wazee, kahawa imetafunwa! Tangu lini kahawa ikatafunwa halafu ikarudi kikapuni? Na shangazi amenibariki, mmeona wote!"

"Keti," Ta Leopoldi akamwambia. "Wewe ulijua kwamba hasikii?"

Deus akamgeukia mnunuzi. Mimi nikajibu. "Alijua. Nimemsikia mwenyewe akimwambia huyo bwana."

"Umesikiaje na wewe husikii?" akauliza mnunuzi.

Nikamwonyesha kidude cha kushoto kilichobaki. Nikajaribu kueleza habari ya kubana kikonyo, na ting, na upande wa watu na upande wa kelele. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoona nyuso zikinionea huruma. Mwanamke mmoja akaniletea kigoda. Akaniletea na chai. Mnakumbuka nilisema nini kuhusu chai?

Wazee wakaenda pembeni. Wakarudi. Hukumu ni hii. Kahawa ya leo haihesabiki, maana swali halikumfikia aliyeulizwa. Kibanja hakiuzwi leo. Ma Eriza akashusha pumzi, nami nikashusha. Lakini ukoo utakaa tena baada ya mavuno ya kahawa, na siku hiyo hataulizwa Paskazia. Ataulizwa binti anayefuata, kwa sababu neno la baba haliwezi kutegemea sikio la kubandika.

Binti anayefuata ni Pelagia. Pelagia ambaye Deus humletea sukari na kitenge kila Krismasi. Kitenge alichokivaa leo, nadhani mmeshajua kilitoka wapi.

Na nimetozwa kibuyu kikubwa cha lubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa kuvuruga kikao na kumwita mgeni kabichi. Nitakilipa. Hiyo kabichi sijutii.

Ma Eriza alinisindikiza mpaka barabarani. Tulitembea yeye mbele, mimi nyuma. Nilivaa vile vidude tena, nikaviweka upande wa watu, kwa sababu nilitaka kumsikia hata kama atanitukana. Hakunitukana. Alisimama, akanigeukia.

"Wifi, ungeniambia tu. Ningekaa karibu yako. Swali likija, ningekufinya."

Basi. Hayo tu. Nilimsikia vizuri sana, kila neno. Kwa mara ya kwanza leo nikatamani vidude vile visingekuwa vizuri kiasi hicho.

Nimeingia Bukoba jioni. Mwenye duka amekigeuza kidude cha kulia kwenye mwanga. Kina alama ya mdomo wa kuku, imezama, inaonekana.

"Mama Paskazia, hiki sasa ni chako."

"Najua."

"Kimefanya nini?"

"Kuku."

Akataka kuuliza, akaniangalia usoni, akaacha. Nitamlipa kwa fedha ya kahawa yangu, kidogo kidogo, amekubali. Ndama wangu tayari ana kovu.

Njiani kupanda Nshambya, Alinda akaniuliza, "Sasa Bibi, vinafaa au havifai? Kuna watu wengi dukani wanauliza, niwaambie nini?"

Nikafikiri. "Waambie vinafaa. Vilinisikizisha mwizi akinong'ona. Vya ukutani visingeweza. Lakini anayetaka kuvinunua ili watu wasijue kwamba hasikii, mwambie anunue ndama."

Sasa nimekaa, nimekunywa uji, nimewaita wote wa nyumba hii, na hivi ndivyo nilivyowaamuru. Kuanzia leo, anayetaka kusema nami asimame mbele yangu na apaze sauti, na nisipojibu arudie bila kukunja uso. Mkiniona naitikia kwa kichwa tu, nifinyeni. Anayetaka kunicheka kwa habari ya leo, aje anicheke hapa mbele, kwa sauti, nisikie na mimi. Akimaliza kucheka, ashike ufagio, atoe magunia kwenye chumba cha nyuma, apige deki, atandike kitanda cha Ma Eriza, kikae tayari kabla ya mavuno, kabla Pelagia hajaulizwa.